Protini saidizi katika uhariri wa RNA: zinasaidia nini hasa?

Msomaji mmoja anayesoma shahada ya kwanza ya biolojia ameniuliza hivi: "Kitabu chetu kinasema kwamba katika Trypanosoma brucei, RNA elekezi ndiyo inayobeba maelekezo ya uhariri, na vimeng'enya ndivyo vinavyokata, kuongeza, kuondoa na kuunga. Kisha kinataja 'protini saidizi' kwa sentensi moja na kuendelea na mada nyingine. Kama maelekezo yapo na mafundi wapo, hao wasaidizi wanasaidia nini? Na je, tukiwaondoa, kimelea hufa?"

Sentensi hiyo moja ya kitabu chako imeruka sehemu ngumu kuliko zote. Kukata RNA na kuiunga ni kazi ambayo vimeng'enya vya viumbe vingi hufanya kila siku. Ugumu wa uhariri wa tripanosoma, yaani kubadilisha herufi za RNA baada ya kunakiliwa kutoka kwenye DNA, upo kwingine: RNA mbili zinazohitajiana lazima zikutane katika umbo linalofaa, zishikane, kisha ziachane kwa wakati wake ili nyingine iingie. Mambo hayo matatu vimeng'enya haviyafanyi vyenyewe.

Nianze na historia kwa ufupi, maana bila hiyo hutaona ukubwa wa kazi yenyewe. Tripanosoma, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o, ana mitokondria moja tu, ndefu, iliyotanda mwilini mwake, na ndani yake DNA imesongamana mahali pamoja karibu na kitako cha mjeledi wake. Msongamano huo ndio kinetoplasti. Umefumwa kwa maduara ya DNA yaliyonasana kama pete za mnyororo: makubwa ni makumi kadhaa, madogo ni maelfu. Maduara makubwa yana jeni za kawaida za mitokondria, lakini nyingi kati yake, ukizisoma zilivyo, hazitoi protini yoyote yenye maana. Mwaka 1986 kundi la Rob Benne mjini Amsterdam liligundua kwamba RNA mjumbe ya jeni moja, ile ya sehemu ya pili ya saitokromu oksidesi (kimeng'enya cha upumuaji), ilikuwa na herufi nne za U ambazo hazikuwamo kwenye DNA. Zilikuwa zimepachikwa baada ya RNA kunakiliwa. Miaka miwili baadaye, maabara ya Kenneth Stuart ilionyesha kwamba RNA ya sehemu ya tatu ya kimeng'enya hichohicho huongezewa U 547 na kuondolewa U 41, yaani zaidi ya nusu ya herufi za ujumbe uliokamilika hazipo kwenye jeni yake. Mwaka 1990 kundi la Larry Simpson likagundua RNA elekezi katika Leishmania tarentolae, ndugu wa tripanosoma, na fumbo la mahali maelekezo yanapotoka likafumbuka: mengi hutoka kwenye yale maduara madogo, ambayo hadi hapo hakuna aliyejua yapo kwa ajili gani.

RNA elekezi ni fupi, kwa kawaida nukleotidi (herufi) 50 hadi 60 hivi. Uzi wa RNA una ncha mbili, ya 5' na ya 3'. Ncha yake ya 5' ina kipande kidogo kiitwacho nanga, ambacho hujifunga jozi na RNA mjumbe pembeni tu mwa eneo la kuhaririwa. Kinafuata kipande chenye maelekezo, na mwishoni, kwenye ncha ya 3', upo mkia wa U tupu, takriban 15, ambao haukunakiliwa kutoka kwenye DNA bali uliongezwa baadaye. Nanga ikishashika, mahali jozi zinapokoma kupatana ndipo vimeng'enya hukata. Kama RNA elekezi ina A au G zisizo na mwenzi, U huongezwa upande wa pili. Kama U za RNA mjumbe ndizo zisizo na mwenzi, huondolewa. Kisha ligesi, kimeng'enya cha kuunga, huunga uzi. Vimeng'enya hivi vinakaa pamoja kwenye kundi kubwa la protini, na kuna matoleo matatu ya kundi hilo, kila moja na kimeng'enya chake cha kukata: KREN1 kwa mahali pa kuondoa U, KREN2 na KREN3 kwa mahali pa kuongeza. Hapa ndipo kitabu chako kilipoishia, na sina ugomvi nacho, kwa kuwa yote hayo ni kweli.

Sasa tazama lile neno "hujifunga". Katika mchoro wa kitabu, RNA elekezi imenyooka kama uzi, RNA mjumbe nayo imenyooka, na zinalaliana vizuri. Ndani ya seli RNA hainyooki hivyo. Uzi wa RNA ukiwa peke yake hujikunja, herufi zake zinatafutana zenyewe na kufanya vitanzi. RNA elekezi zilizochunguzwa, ingawa mfuatano wa herufi zake hutofautiana sana, zilikutwa na umbo linalofanana: vitanzi viwili na mkia wa U unaoning'inia. Nanga, ile sehemu inayotakiwa kuwa wazi ili imshike mwenzake, mara nyingi imezama ndani ya kitanzi. RNA mjumbe nayo imejikunja kwa namna yake. Halafu kuna chaji. Uti wa RNA umejaa fosfeti, na kila fosfeti ina chaji hasi. Nyuzi mbili zenye chaji hasi zikisogeleana husukumana. Na nanga yenyewe ni fupi, karibu herufi kumi, tena nyingine kati ya hizo ni jozi dhaifu za G na U. Kwa hiyo unazo nyuzi mbili zilizojikunja, zinazosukumana, na zinazotakiwa kushikana kwa mkono mfupi.

Kuna sababu kwa nini tatizo hili lilichelewa kuonekana, nami huwa nawaeleza wanafunzi kwa msisitizo. Katika majaribio mengi ya uhariri yanayofanyiwa kwenye chupa, mtafiti huchanganya RNA zake, huzipasha moto hadi vitanzi vyote vifunguke, kisha huziacha zipoe polepole ili zijifunge jozi kabla hajaongeza vimeng'enya. Mara nyingi pia nanga hutengenezwa ndefu na imara kuliko ya asili. Kwa kufanya hivyo, mtafiti mwenyewe amefanya kazi ya protini saidizi kwa joto la maabara. Ukisoma matokeo yake bila kukumbuka hatua hiyo ya kwanza, utaamini kwamba vimeng'enya na RNA elekezi vinatosha. Mbung'o hana jiko ndani ya tumbo lake la kupashia RNA za kimelea.

Msaidizi wa kwanza ninayetaka umfahamu ni jozi ya protini ziitwazo MRP1 na MRP2. Protini mbili za kila aina huungana na kufanya umbo la protini nne. Mwaka 2006 umbo hilo lilichorwa kwa fuwele na miale ya eksirei, likiwa peke yake na likiwa limeishika RNA elekezi, na picha hizo kwangu ni miongoni mwa maelezo mazuri kuliko yote katika biolojia ya RNA. Protini hizo mbili hazifanani sana kwa mfuatano wa asidi amino, lakini zimekunjwa kwa namna moja, na mkunjo huo unafanana na wa familia ya protini za mimea zinazoshika DNA ya uzi mmoja. Uso wake mpana umejaa asidi amino zenye chaji chanya. RNA elekezi inapolala juu ya uso huo, protini inaushika uti wa fosfeti, haizishiki herufi. Matokeo yake ni mawili kwa mpigo mmoja. Chaji hasi za uti zinatulizwa, kwa hiyo RNA ya pili inaweza kusogea bila kusukumwa. Na nanga inatandazwa ikiwa imekunjuliwa, herufi zake zikitazama nje, tayari kupokea jozi.

Kwa kuwa inashika uti bila kuuliza herufi, protini hii inaweza kuihudumia RNA elekezi yoyote. Hilo ni la lazima, maana tripanosoma ana mamia ya RNA elekezi tofauti. Kama kila moja ingehitaji protini yake, kimelea kingehitaji jeni nyingi kupita kiasi kwa ajili ya kuhariri RNA za jeni dazeni moja tu: kati ya jeni 18 za protini zilizomo kwenye maduara makubwa ya T. brucei, RNA za 12 ndizo huhaririwa.

Neno linalofaa kwa MRP1 na MRP2 ni mshenga. Mshenga huwaleta wawili pamoja, kisha huondoka. Yeye si sehemu ya ndoa. Majaribio ya MRP1 yalionyesha hivyohivyo: protini huharakisha sana kujifunga jozi kwa RNA elekezi na RNA mjumbe, na jozi ikishapatikana huiachia. Uso ule umeundwa kushika uzi mmoja uliotandazwa. Uzi mara mbili ukishajisokota haukai tena vizuri juu yake. Usidharau uwezo huu wa kuachia. Msaidizi anayeng'ang'ania angeziba njia ya vimeng'enya.

Msaidizi wa pili ni RBP16. Huyu ana vipande viwili. Cha kwanza ni cha ukoo wa protini za bakteria zinazotolewa wakati wa baridi kali, ambazo kazi yake ni kukunjua RNA zilizojifunga vitanzi visivyofaa. Cha pili kina arjinini na glisini nyingi na huimarisha ushikaji. RBP16 hupenda mkia wa U wa RNA elekezi, ingawa haigusi mkia peke yake. Ilipopunguzwa ndani ya vimelea wa hatua ya mbung'o, uhariri wa RNA ya saitokromu b ulikaribia kutoweka kabisa, huku RNA nyingine zinazohaririwa zikiendelea karibu kama kawaida. Pia baadhi ya RNA ambazo kamwe hazihaririwi zilipungua, kwa hiyo protini hii ina kazi zaidi ya moja. Kwenye chupa, ukiiongeza, uhariri wa kuongeza U husisimka, na msisimko huo unatokea mapema, kabla au wakati wa kukata. Hiyo ndiyo alama ya msaidizi wa kukutanisha, si wa kuunga.

Huenda umeona ugumu hapa: kama RBP16 ni muhimu kwa kukutanisha RNA, kwa nini saitokromu b peke yake ndiyo iliyoumia? MRP1 na MRP2 nazo zilipopunguzwa zilionyesha jambo hilohilo, RNA ya saitokromu b ikaumia zaidi ya nyingine. Jibu lilianza kuonekana zilipopunguzwa pamoja. Hapo uhariri wa RNA nyingine, ambazo hazikuyumba msaidizi mmoja alipokosekana, nao uliyumba. Zinafunikana. Mmoja akikosa, mwingine anashika zamu kwa RNA nyingi, isipokuwa chache zenye masharti magumu. Ndiyo maana nakushauri usipime umuhimu wa protini saidizi kwa kuondoa moja tu na kutazama kama seli imekufa.

Hadi hapa nimezungumzia kukutana. Lakini RNA elekezi lazima kwanza iwepo, na RNA fupi ndani ya mitokondria huharibiwa upesi kama hakuna wa kuihifadhi. Kazi hiyo ni ya protini mbili ziitwazo GAP1 na GAP2, ambazo pia huungana nne kwa pamoja na kuishika RNA elekezi. Ukiziondoa, RNA elekezi zenyewe hupungua hadi kukaribia kwisha, na uhariri wote unaozitegemea unasimama. GAP1 na GAP2 ni sehemu ya kundi kubwa zaidi lenye protini zipatazo 20 liitwalo RESC. Kwa miaka mingi kundi hili lilihesabiwa kama kiambatisho cha vile vimeng'enya. Leo picha imegeuka: RESC ndiyo ukumbi ambao RNA elekezi, RNA mjumbe na RNA iliyokwisha kuhaririwa zinakaa, na vimeng'enya huja, hufanya kazi yao na kuondoka. Picha zake za hadubini ya elektroni, zilizochukuliwa kwenye sampuli zilizogandishwa ghafla, zilitoka mwaka 2023. Maneno "protini saidizi" yanapotosha kidogo hapa. Ukumbi huu una protini nyingi kuliko vimeng'enya vyenyewe, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokata wala kuunga RNA.

Protini zote hizi, vimeng'enya na wasaidizi, jeni zake ziko kwenye kiini cha seli. Hutengenezwa nje ya mitokondria kisha huingizwa ndani. Mitokondria haimiliki hata mmoja wa wahariri wake.

Tuje kwenye jambo la tatu, la kuachana, ambalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote. RNA moja elekezi hukidhi sehemu ndogo tu ya RNA mjumbe. Ile yenye U 547 za kuongezwa inahitaji makumi ya RNA elekezi, moja baada ya nyingine. Kazi huanzia upande wa 3' na kusonga kuelekea 5', na sababu yake ni nzuri: nanga ya RNA elekezi ya pili haina mahali pa kushika mpaka ya kwanza imalize, kwa sababu inashika herufi ambazo ya kwanza ndiyo imeziingiza. Sasa fikiri. Kabla ya uhariri, RNA elekezi imeshikwa na nanga tu. Kila U inayopachikwa inaongeza jozi moja zaidi. Kazi inapokamilika, RNA elekezi na RNA mjumbe zimelaliana kwa urefu wote, jozi imara, na hazina sababu ya kuachana. Kadiri kazi inavyofanywa vizuri, ndivyo kiongozi anavyokwama mahali pake na kumzuia anayefuata.

Hapa wanaingia helikesi, wasaidizi wanaotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kufungua jozi za RNA. Zinazojulikana zaidi ni REH1 na REH2. REH1 imehusishwa na kuondoa RNA elekezi iliyomaliza zamu. Inapokosekana, uhariri unaotosheka na RNA elekezi moja haudhuriki kama ule unaohitaji nyingi mfululizo. REH2 ni kubwa zaidi, ina wenzake wa kudumu, na huenda na RESC. Pamoja na helikesi kuna RGG2, protini isiyotumia ATP lakini yenye uwezo wa kufunga na pia kufungua jozi za RNA. Ikipunguzwa, uhariri wa zile RNA ndefu huanza upande wa 3' kisha hukwama njiani. Kuanza wanaanza, kusonga mbele ndiko kunakoshindikana. Unaona jinsi kasoro hii inavyotofautiana na ile ya GAP1, ambapo hakuna cha kuanzia kabisa. Ukisoma makala za fani hii, jiulize kila mara: kasoro hii ni ya kukosa RNA elekezi, ya kutokutana, au ya kutosonga? Utaelewa nusu ya mjadala kabla ya kufika mwisho wa makala.

Swali lako la pili: tukiwaondoa wasaidizi, kimelea hufa? Inategemea ni nani na yuko katika hatua gani ya maisha. Ndani ya mbung'o, kimelea hutegemea mnyororo wa upumuaji wa mitokondria, kwa hiyo kinahitaji RNA zilizohaririwa za saitokromu na saitokromu oksidesi. Ndani ya damu ya mwenyeji, ambako sukari ni tele, hujipatia nishati kwa kuvunja glukosi, na mnyororo ule huzimwa. Mtu angetegemea kwamba damuni uhariri si lazima. Sivyo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba vimelea vya damuni vikinyimwa ligesi ya KREL1 hufa. Sababu mojawapo ni sehemu moja ya ATP sinthesi, mashine ya mitokondria ambayo kwa kawaida hutengeneza ATP, ambayo RNA yake lazima ihaririwe. Damuni mashine hiyo hufanya kazi kinyumenyume, ikitumia ATP ili kudumisha tofauti ya chaji kwenye utando wa mitokondria, na tofauti hiyo ikipotea seli haiishi.

Kwa wasaidizi, mpangilio ni huu. GAP1 ikiondolewa, kimelea hufa katika hatua zote mbili, ya mbung'o na ya damu. MRP1 ni tofauti: vimelea vya damuni vilivyofutiwa jeni yake viliendelea kuishi na kuhariri, ingawa havikuweza kugeuka kuwa umbo la mbung'o. Kwa hiyo mtu anayetafuta dawa ya malale asianze na mshenga. Aanze na ukumbi. RESC haina mwenzake kwa binadamu, na hilo ni jambo jema. Sisi pia tunahariri RNA, lakini kwa kemia nyingine: tunageuza A kuwa inosini au C kuwa U kwa kubadilisha herufi yenyewe, bila kukata uzi na bila RNA elekezi.

Nitakuonya jambo moja kuhusu dawa. Yupo ndugu wa T. brucei aitwaye T. evansi, anayewaua ngamia na farasi. Amepoteza maduara yake makubwa, na baadhi ya aina zake zimepoteza kinetoplasti yote. Hawezi tena kuishi ndani ya mbung'o, huenezwa na nzi wengine wanaouma, lakini damuni anastawi. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba badiliko la asidi amino moja tu kwenye kipande cha ATP sinthesi kinachotoka kwenye kiini linatosha kumruhusu kimelea wa damuni kuishi bila DNA ya kinetoplasti, na kwa hiyo bila uhariri. Dawa yoyote itakayolenga uhariri lazima ipimwe dhidi ya njia hiyo ya kutorokea kabla mtu hajaisifu.

Na ukipata nafasi ya kusoma zaidi, tafuta majaribio yaliyofanywa kwenye tripanosoma waliopoteza kinetoplasti. Walikutwa bado wanatengeneza vimeng'enya vyao vya uhariri, vimejikusanya kwenye kundi lake kamili, na ukivitoa na kuviwekea RNA kwenye chupa vinakata, vinaongeza na vinaunga kama kawaida. Ndani ya seli yao hakuna RNA ya kuvipelekea.